Nishati Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu hutajwa sana madukani na katika vyama vya ushirika, ambako mweka hazina asiyeandika hukutwa na hasara asiyoweza kuieleza. Lakini iko mali moja kubwa ya Taifa ambayo kwa miaka mingi imetumiwa, imegawiwa na hata kupangiwa mustakabali wake pasipo daftari la kutosha mikononi mwa wenyewe. Mali hiyo ni nishati: maji ya mito, gesi ya Songo Songo na Mtwara, jua la Shinyanga na Dodoma, pamoja na kuni na mkaa ambavyo hadi leo ndivyo vinavyopika ugali wa Watanzania walio wengi.

Siku hizi dunia nzima inazungumzia jinsi ya kuachana na nishati inayotoa hewa ya ukaa, hewa ambayo imeuchafua mzunguko wa mvua na kuleta ukame na mafuriko kwa zamu. Tanzania nayo, katika mchango wake wa kitaifa uliowasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2021, iliahidi kupunguza hewa hiyo kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo kama hakuna hatua ambayo ingechukuliwa. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kutimizwa kwa hotuba. Huhitaji hesabu, na hesabu yenyewe huitwa na wataalamu modeli ya mfumo wa nishati.

Modeli si uchawi wala si mwujiza wa kompyuta. Ni daftari kubwa tu. Upande mmoja huandikwa mahitaji: viwanda, taa, pampu, reli, jiko la mama nyumbani. Upande wa pili huandikwa njia zote za kuyatimiza mahitaji hayo, kila njia na gharama yake ya kujenga, gharama yake ya kuendesha, muda wake wa kuishi na kiasi cha hewa ya ukaa inayotoa. Kisha kompyuta huulizwa swali moja: ni mchanganyiko upi wa njia hizi utakaotimiza mahitaji, mwaka hadi mwaka, kwa gharama ndogo kuliko mwingine wowote, bila kuvuka mipaka iliyowekwa? Jibu hutoka baada ya dakika chache. Lakini uzito wote uko katika yale yaliyoandikwa kabla ya swali kuulizwa, na katika nani aliyeyaandika.

KASUMBA MBILI

Wako watumishi wa umma wanaodhani kwamba hesabu hizi ni anasa ya nchi tajiri. Hao husema: nchi hii ilichafua nini hata ihangaike kuhesabu hewa ya ukaa? Wenye viwanda vya Ulaya na Marekani ndio waliochoma makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka mia mbili. Basi na wahesabu wao.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hitimisho lake ni potofu. Ni kweli kabisa kwamba dhambi ya hewa ya ukaa si ya mkulima wa mpunga wa Mang'ula. Lakini anayeacha kuhesabu kwa sababu hana hatia hujikuta akihesabiwa na mwenye hatia. Mkopo nafuu wa nishati hautolewi siku hizi bila mpango wa miaka ishirini au thelathini kuwekwa mezani. Nchi isiyo na mpango wake itapewa wa kukopeshwa pamoja na fedha, na riba ya mpango wa kukopeshwa hulipwa na wajukuu. Tanzania inahesabu ili isiuziwe mitambo isiyoifaa. Kuifurahisha Ulaya si sehemu ya kazi hiyo.

Kasumba ya pili ni kinyume cha ya kwanza, nayo ni mbaya zaidi kwa kuwa huvaa joho la usomi. Ni ile ya kuipokea kila karatasi iliyotoka katika kompyuta ya mshauri wa kigeni kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Mpango Kabambe wa Umeme wa mwaka 2016, uliorekebishwa kwa msaada wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, ulitazamia kwamba ifikapo mwaka 2040 umeme wa nchi ungetokana na gesi kwa asilimia 40, makaa ya mawe asilimia 35, maji asilimia 20 na vyanzo vingine asilimia 5. Jua na upepo vilitupwa katika hizo tano za mwisho. Ni maofisa wangapi waliouliza ni bei gani ya mitambo ya jua iliyotumika katika hesabu hiyo, wakati bei hiyo ilikuwa ikishuka duniani kila mwaka? Asiyeliuliza swali hilo anakuwa tarishi wa kubeba mafaili, hata kama cheo chake ni cha mpangaji.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliuambia Mkutano Mkuu wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yamekaririwa mno hata yamechakaa midomoni mwa watu, lakini maana yake bado ni mpya. Ikiwa kupanga ni kuchagua, basi anayemwachia mwingine hesabu zote amemwachia na uchaguzi.

BONDE LINALOSEMA UKWELI

Anayetaka kuona hasara ya kutohesabu, na hasara ya kuhesabu nusu nusu, hana haja ya kwenda ng'ambo. Aende Ifakara, asimame katika Bonde la Kilombero, atazame milima ya Udzungwa upande mmoja na tambarare ya maji upande wa pili.

Bonde hili ndilo tangi la umeme wa Taifa. Mto Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji yote ya Mto Rufiji. Kaskazini yake, Kidatu, kipo kituo cha megawati 204 kinachoendeshwa na maji ya Ruaha Mkuu. Kusini magharibi, upande wa Mlimba, kipo Kihansi chenye megawati 180, ambako maji huporomoka kwa zaidi ya mita 800 kutoka ukingo wa milima. Na chini zaidi, baada ya mito kukutana, lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115, lililojengwa kwa takriban shilingi trilioni 6.5 za Watanzania wenyewe. Ukiongeza Mtera yenye megawati 80, unapata megawati 2,579 zinazotegemea mvua za bonde moja la mto. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwezo wote wa mitambo nchini, ambao mwaka 2025 ulivuka megawati 4,000.

Ni fahari kubwa, na umeme huo hautoi moshi. Lakini mwenye daftari hatosheki na fahari. Huuliza pia siku ya ukame itakuwaje. Jibu lilikwisha kutolewa mwishoni mwa mwaka 2022. Mvua zilichelewa, mito ikakauka, na Kihansi yenye megawati 180 ikawa inatoa megawati 17 tu, yaani chini ya asilimia 10 ya uwezo wake. Nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Mashine za kusaga zikasimama, mafundi seremala wakakaa barazani, hospitali zikawasha jenereta za dizeli. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 2006, 2011 na 2015 ukame ulikuwa umeleta adha ya namna hiyo hiyo.

Haikupita hata miezi kumi na minane, mambo yakageuka. Machi 2024, baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa na mvua kunyesha kwa wingi, TANESCO ililazimika kuzima vituo vitano vya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Na Machi 2025, nchi hiyo hiyo yenye ziada ikatangaza nia ya kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa maelezo kwamba umeme hupotea mwingi njiani kutoka mitambo ya kusini na mashariki hadi huko.

Upungufu, ziada, kisha kununua nje, yote katika muda usiofika miaka mitatu. Wapinzani wa bwawa hushangilia mambo haya na kusema bwawa halikufaa. Hao wamekosea. Bwawa lilihitajika, na anayelibeza amekwisha kusahau giza la 2022. Kasoro iko kwingine. Modeli kamili haihesabu mitambo ya kuzalisha peke yake. Huhesabu pia nyaya za kusafirishia, saa ambazo umeme unatakiwa, mahali unapotakiwa na mwaka mbaya kuliko yote. Kujenga mtambo bila kujenga njia yake ni sawa na kuvuna mpunga wakati hakuna ghala wala gunia.

WASTANI NI MWONGO

Hapa ndipo penye hila kubwa ya hesabu hizi, na kila mtumishi wa umma anapaswa kuifahamu. Modeli ikipewa wastani wa mvua wa miaka thelathini, itaona maji tele na kupanga mabwawa matupu, au gesi tele. Ikipewa mwaka wa ukame kama 2022, itatafuta rafiki wa maji katika kiangazi. Rafiki huyo ni jua. Mwaka usio na mawingu unaokausha Kihansi ndio huo huo unaolifanya jua liwake zaidi. Mitambo ya jua ikifanya kazi mchana, maji hubaki bwawani yakisubiri usiku, ambapo taa zote zinawashwa. Kwa hiyo mradi wa jua wa Kishapu, uliopangwa kufikia megawati 150, ni kifuniko cha tangi la Kilombero, wala usihesabiwe kuwa pambo la kuwaonyesha wafadhili.

Hila ya pili imefichwa katika riba. Kila modeli huwa na kiwango ambacho kwacho thamani ya shilingi ya kesho hupunguzwa ikilinganishwa na ya leo. Kiwango kikiwa kikubwa, kompyuta huchagua mtambo rahisi kujengwa ingawa utakula mafuta kwa miaka thelathini, kwa sababu gharama ya mafuta ya mwaka wa ishirini huonekana kama si kitu. Kikiwa kidogo, huchagua bwawa, jua na upepo, ambavyo hugharimu sana mwanzoni na kidogo baadaye. Namba moja tu, iliyoandikwa na mtu mmoja katika chumba kimoja, yaweza kugeuza mustakabali wa nchi. Je, namba hiyo iachiwe mgeni? Na je, kama ameiandika Mtanzania, iwe siri?

VISIVYOANDIKWA

Iko hasara nyingine iliyo mbaya kuliko namba mbovu, nayo ni kutoandikwa kabisa. Kihansi ina ushahidi wake. Maji yalipoelekezwa katika handaki la mitambo, manyunyu ya maporomoko yaliyokuwa yakilowesha genge la chini yalipungua mno. Katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, aliyegunduliwa mwaka 1996 wakati ujenzi umekwisha kuanza. Hakuwamo katika hesabu. Mwaka 2000 baadhi yao walipelekwa Marekani kufugwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Na ilikuwa mwaka 2012 ndipo waliporudishwa Kihansi, baada ya kuwekewa mabomba ya kunyunyiza maji. Wako waliocheka kwamba nchi maskini inahangaikia chura. Lakini chura huyo ni shahidi tu. Aliyemsahau chura angeweza kumsahau mtu.

Na watu wamesahauliwa. Nyaya za kilovolti 220 kutoka Kihansi kwenda Kidatu zilipita juu ya vichwa vya watu wa bondeni, huku Ifakara ikiendelea kwa miaka mingi kupokea umeme dhaifu kwa njia ndefu ya kilovolti 33, hadi mji huo ulipojengewa kituo chake cha kupoza umeme. Waliolinda maji walikuwa wa mwisho kuona taa. Katika daftari la wakati huo, Kilombero iliandikwa kama mahali pa kuchota, haikuandikwa kama mahali pa kupeleka.

Leo lipo jambo zito zaidi. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero, na kulinda maji yanayokwenda Bwawa la Julius Nyerere ni moja ya sababu zilizotolewa. Maji hayana budi kulindwa. Asiyekubali hilo hafahamu uhai wa Taifa unategemea nini. Lakini mkulima wa mpunga na mfugaji wanaotakiwa kuondoka katika tambarare ile wanalipa sehemu ya gharama ya umeme safi wa Dar es Salaam na Dodoma. Gharama hiyo haionekani katika bei ya yuniti. Modeli ya haki ingeiandika: mazao yaliyopotea, mifereji iliyofungwa, mifugo iliyohamishwa, na fidia au ardhi mbadala inayostahili. Gharama isiyoandikwa na mtawala huandikwa moyoni na mwananchi, na siku ya kuidai hufika.

Kisha liko jiko. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika nchini hutokana na kuni na mkaa. Mipango mingi ya umeme huanza na kuishia katika umeme, kana kwamba moto wa mafiga matatu si nishati. Bondeni Kilombero jambo hili ni la kila siku. Tangu Julai 2011, wanavijiji wa pembezoni mwa Hifadhi ya Udzungwa hawaruhusiwi kuokota kuni ndani yake. Msitu ule ni chanzo cha vijito vinavyoingia Mto Kilombero, kwa hiyo kuulinda ni kuulinda umeme. Lakini je, ni nani aliyeandika mahali ambapo mama wa Mang'ula atapata moto wa kupikia? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni zuri. Lakini jiko la umeme ni mahitaji ya umeme, na mitungi ya gesi ni mafuta ya kuagizwa kwa fedha za kigeni. Lengo la jiko na mpango wa umeme visipoandikwa katika daftari moja, kimoja kitamsaliti mwenzake. Na bonde lile lile lina pumba za mpunga na makapi ya miwa, ambayo kiwanda cha sukari cha Kilombero huyachoma kupata umeme wake. Nayo yaandikwe.

TAKWIMU ZIPO, WATU WAPO

Wapinzani wa mwisho watasema: haya yote ni mema, lakini takwimu hazipo na wataalamu hawapo. Ifakara yenyewe inawasuta. Katika mji huo huo, Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ndogo iliyoanzishwa mwaka 1957, imehesabu mbu na nyumba za bonde hili kijiji kwa kijiji. Tangu mwaka 1996 vizazi na vifo vimekuwa vikiandikwa kaya kwa kaya katika sehemu za Kilombero na Ulanga. Kwa daftari hilo ilithibitishwa kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uwezekano wa watoto kuishi kwa asilimia 27, na takwimu za mbu wa kijiji cha Namawala zimetumika katika modeli za malaria zinazosomwa duniani kote. Bonde lililoweza kuhesabu mbu haliwezi kushindwa kuhesabu magunia ya mkaa.

Vyombo navyo vipo. Modeli iitwayo OSeMOSYS hutolewa bure, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuifungua na kuona kila mstari wa hesabu yake. Afrika Kusini iliagiza hesabu ya namna hii mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Cape Town kikaifanya, huku Serikali, wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi wakikaa meza moja kukubaliana juu ya namba kabla kompyuta haijawashwa. Ni kweli kwamba nchi hiyo haikutekeleza vya kutosha, ikaendelea kuchoma makaa ya mawe na kuteswa na mgawo wa umeme. Hilo nalo ni funzo: hesabu njema isiyotekelezwa haiwashi taa. Lakini walau wananchi wa huko walijua ni ahadi gani iliyovunjwa.

Kwa hiyo yapo mambo manne yasiyopaswa kusubiri. Modeli ya nishati ya Taifa ifanywe na Watanzania, katika Wizara ya Nishati, TANESCO na vyuo vikuu vya nchi, wageni wakialikwa kama wasaidizi. Namba zake zote, pamoja na ile ya riba na ile ya mwaka wa ukame, ziwekwe hadharani ili zipingwe na yeyote anayeweza. Maji, mashamba, jiko na umeme viandikwe katika daftari moja. Na halmashauri kama za Ifakara, Mlimba na Ulanga ziulizwe kabla mpango haujafungwa. Kusomewa tu baada ya kufungwa hakutoshi.

Katika kazi hiyo mwalimu na mtumishi wa umma si watazamaji. Serikali ilikwisha kuagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwaka 2024. Shule nyingi za bweni zimo katika agizo hilo. Mwalimu wa hesabu anayewafundisha wanafunzi kupima kuni za jiko la shule kwa wiki, kuandika bei yake na kulinganisha na gesi au umeme, anaandika ukurasa mmoja wa daftari la Taifa. Afisa kilimo anayeandika kina cha mto Lumemo kila mwezi anaandika ukurasa mwingine. Bwana fedha wa halmashauri anayeuliza ushuru wa mkaa ulitokana na magunia mangapi anaandika wa tatu.

Kurasa hizo zikikusanywa, hakuna mshauri wa kigeni atakayeweza kuja na namba zake mfukoni akaondoka na uchaguzi wa wananchi. Zisipokusanywa, mito itaendelea kutiririka, mitambo itaendelea kuwashwa na kuzimwa, na kila baada ya miaka michache Taifa litaulizana gizani mali yake imekwenda wapi.